Mbele ya kuomba mashini ya kukamua mbuzi, tuhesabu kwanza

Ndugu wanamemba, wamama na wababa wa koperative, ile karatasi imetufikia sote. Ni karatasi ya kusema tunaomba vifaa gani kwa mwaka unaokuja. Ku kilima chetu wamejaza mustari wa kwanza haraka haraka: mashini ya kukamua mbuzi. Nasikia vilima vingine pia wameandika vilevile. Mukutano mukubwa utakaa nyuma ya mavuno ya maharagi, na pale tutainua mikono. Mimi nitakataa, ao tuseme nitaomba tungoje, na ninataka kueleza sababu yangu hapa mbele ya siku ile, juu ku mukutano kila mutu anapewa dakika mbili tu na wenye sauti kubwa ndio wanasikiwa.

Sichukii mashini. Mimi ndiye nilikuwa nachunga daftari ya maziwa wakati tulikuwa na mashini ya kwanza. Wanamemba wapya hawakuiona ikitumika. Wanaona tu ile ndoo ya chuma imelala ku depo, kuku wanataga ndani. Acha niwaambie namna ilifika pale.

Wakati ule kibanda cha pamoja kilikuwa na mbuzi 22 wenye kutoa maziwa, wengi wao machotara: damu ya Alpine, wale mbuzi wa kizungu, pamoja na damu ya mbuzi yetu ya hapa. Mbuzi yetu ya hapa wote tunaijua. Inavumilia njaa na mvua, inazaa mapacha, lakini maziwa yake mara nyingi hayafiki nusu litri kwa siku, na mutoto wake anayahitaji yote. Chotara ndiye alitupa litri moja, litri moja na nusu, wengine mbili wakati majani yalikuwa mengi. Mufazili mumoja alipoona vile, akatuletea mashini. Ilikuwa nzuri kwa macho. Pampu, mota ya esanse, ndoo yenye kifuniko, na vikombe vine vya kuvalisha ku chuchu.

Vikombe vine. Mbuzi iko na chuchu mbili. Ilikuwa mashini ya ngombe.

Fundi aliyekuja nayo akaziba vikombe viwili na vipande vya muti, akasema: « Sasa imekuwa ya mbuzi. » Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Ili mutu aelewe kosa letu, ajue kwanza vile mashini inafanya kazi. Haikamui sawa mukono. Mukono unafunga chuchu juu na kusukuma maziwa kuelekea chini. Mashini inavuta hewa, na ile kuvuta ndiyo inafungua mulango wa chuchu, maziwa yanatoka. Kama ingevuta bila kupumua, damu ingekusanyika ku ncha ya chuchu na chuchu ingevimba. Kwa hiyo ndani ya kila kikombe kuko mupira, na kuko kifaa kidogo kinaitwa pulsatere, chenye kufanya ule mupira ufunguke na kufunga, ufunguke na kufunga, sawa mutoto anayenyonya na kumeza. Mambo mawili yanaamua karibu kila kitu: nguvu ya kuvuta, na mwendo wa kupumua. Nguvu ya kuvuta inapimwa kwa kilopaskali, unaisoma ku saa yenye kufungwa ku mashini. Kwa mbuzi, kawaida inawekwa karibu 36 mpaka 40, na mupira unafunguka na kufunga karibu mara 90 kwa dakika. Kwa ngombe nguvu inapita pale, inaweza kufika hata 50, na mwendo uko polepole, karibu mara 60.

Mashini yetu ilikuwa inavuta 50, na ilikuwa inapumua mara 60. Hakuna aliyesoma ile saa. Tulisikia mota inalia kwa nguvu na tukafikiri kelele ndiyo kazi.

Juma la kwanza daftari inaonyesha maziwa yalipanda kidogo, na prezida wetu alifurahi sana. Juma la tatu mbuzi walianza kupiga mateke mara tu wanaposikia mota. Ku ncha ya chuchu tukaona duara nyeupe, ngumu, sawa sugu ya mukono wa mulimaji. Ile ncha ndiyo mulango. Mulango ukiharibika haufungi muzuri nyuma ya kukamua, na vidudu vinaingia. Mwezi wa pili mbuzi tatu wakapata mamite, ule ugonjwa wa kiwele. Mumoja kati yao, upande moja wa kiwele ukawa baridi na rangi ya buluu, na kisha siku mbili akakufa. Wale wawili walipona lakini kila mumoja alibakia na upande moja usiotoa kitu. Mbuzi aliyekufa alikuwa wa mama mujane aliyemuweka kibandani kwa kutuamini. Tulimulipa yule mama na mbuzi wa hapa, mudogo. Mpaka leo akikutana na mimi ku njia ya soko ananisalimia muzuri, na mimi ndiye ninaona haya.

Kisha tukapata bahati. Kulifika fundi mwingine aliyekuwa amefanya kazi ku ferme ya maziwa upande wa Uganda. Hakuleta kitu kikubwa. Alileta kisu, bisibisi, na vikombe viwili vya mbuzi vyenye mipira yake. Akashusha nguvu mpaka 38, akarekebisha pulsatere, akaondoa vile vipande vya muti. Kwa siku chache mbuzi wakatulia. Nilimuuliza: « Tata, ni hivyo tu? » Akajibu: « Mama, mashini haikukuwa mbaya. Mulimupa mbuzi viatu vya ngombe. »

Kumbe mashini ya kuwekwa muzuri inaweza kukamua mbuzi bila kumuumiza. Lakini nyuma ya miezi tisa ile mipira ikapasuka. Mipira ya mashini inachoka hata kama macho hayaoni kitu. Kitabu cha mashini kinasema saa ngapi inaweza kufanya kazi, na ku watu wengi haipiti mwaka moja bila kubadilishwa. Tulitafuta ku sanduku la koperative, hatukukuta hata franka moja iliyowekwa kwa ajili ya mipira. Kulikuwa feza ya esanse, feza ya safari ya kamati, feza ya kukaribisha wageni. Ndiyo vile mashini ilienda ku depo.

Sasa turudi ku mbuzi mwenyewe, juu ninaona watu wengi wanaomba mashini bila kumujua. Mbuzi haiko ngombe mudogo. Ku ngombe, sehemu kubwa ya maziwa inabakia juu, ndani ya vijumba vidogo vya kiwele, mpaka mwili wenyewe uyaachilie. Ndiyo sababu tunamupa ndama anyonye kidogo kwanza ao tunasugua kiwele. Ku mbuzi ni tofauti. Zaidi ya nusu ya maziwa, na mara nyingi hata robo tatu, iko tayari chini, ndani ya tangi ya kiwele, inangoja tu mulango ufunguke. Kwa hiyo mbuzi hahitaji matayarisho marefu: chuchu safi na kavu, mikamuo miwili mitatu ya kwanza ndani ya kikombe cheusi ili kuona kama kuko mabonge ao damu, basi. Maziwa yanatoka upesi, kwa dakika mbili ao tatu yameisha. Na hapo ndipo mashini inaharibu. Mutu amevalisha vikombe, anaenda kuzungumuza na jirani, anarudi nyuma ya dakika saba. Zile dakika ine za mwisho mashini inavuta chuchu tupu. Mukono unachoka na kuacha. Mashini haichoki.

Wale wanaosema mashini itatupatia maziwa mengi, waniruhusu niwapinge waziwazi. Mashini haitengenezi maziwa. Inatoa yale yaliyo ndani, na mukono uliozoea unayatoa yote pia. Maziwa yanatoka ku damu ya mbuzi, ku majani na ku maji. Ku Meru, kule Kenya, miaka ya 1990, wakulima wadogo walizalisha mbuzi wa Toggenburg pamoja na mbuzi wao wa kienyeji, wakapanda majani, wakachunga wazazi madume kwa zamu, na maziwa yakaingia ndani ya nyumba. Ku Mgeta, juu ya milima ya Uluguru kule Tanzania, walifanya vile na mbuzi wenye kutoka Norvege. Walikamua na mikono. Na sisi hapa, tunakata tripsacum ku mistari ya kuzuia mumomonyoko, tuko na majani ya viazi vitamu, lakini kiangazi kikifika mbuzi wa maziwa anapewa maji mara moja kwa siku na tunashangaa kwa nini ndoo haijai.

Basi mashini inafaa nini? Inafaa kwa wakati na kwa mikono. Tuhesabu. Mama aliyezoea anakamua chotara mumoja wa litri moja kwa dakika tatu ao ine. Mbuzi 22, wamama wawili: karibu dakika 40. Mashini ya ndoo moja yenye kukamua mbuzi mumoja kwa mara, ukihesabu kuleta, kusafisha, kuvalisha na kuondoa, inachukua karibu dakika ine kwa kila mbuzi. Ni dakika 88. Soma tena: mashini yenye jozi moja ya vikombe iko polepole kupita wamama wawili. Ukiwa na jozi mbili, mutu mumoja anamaliza kwa dakika kama 45. Pale umeokoa mutu mumoja. Lakini haujaosha.

Na kuosha ndiko wengi wanasahau. Mara tu kukamua kunaisha, unapitisha maji ya vuguvugu, hayapaswi kuwa moto, juu maji ya moto yanapika maziwa na kuyabandika ndani ya mipira sawa yai ku sufuria. Kisha maji ya moto pamoja na sabuni ya mashini. Kisha maji safi. Mara moja kwa juma, dawa yenye asidi ya kuondoa ile rangi nyeupe ngumu inayobakia. Yote hiyo mara mbili kwa siku. Maji nani anateka? Kuni nani anakata? Ku kilima chetu chemchemi iko chini, kupanda na jerikani ni nusu saa. Dakika ambazo mashini inaokoa ku mikono ya mama inazidai tena ku mugongo wa binti yake.

Kitu kilichotuokolea wakati kwa kweli kilikuwa mbao. Nyuma ya mashini kufa, seremala wetu alitengeneza meza ya kukamulia, juu nusu metre, yenye mahali pa kufungia vichwa vya mbuzi sita kwa mustari na kibeseni cha chakula mbele. Mbuzi anapanda mwenyewe kwa kufuata chakula. Hakuna kumukimbiza, hakuna mutoto wa kumushika pembe, hakuna teke ndani ya ndoo. Mugongo wa mama haujikunji tena. Tena tuliweka mupango: wale wazima wanakamuliwa kwanza, wagonjwa wa mwisho, na maziwa yao yanamwangwa, nyuma ya kukamua kila chuchu inaingizwa ndani ya dawa ya iode. Mamite zikapungua. Kwa meza ile ile, kama siku moja mashini inakuja, itakuta mbuzi wamezoea kusimama. Mashini bila meza ni kukimbizana na mbuzi huku mota inakunywa esanse.

Jambo lingine, na wale wanaojaza ile karatasi walishike muzuri. Sisi tunaishi juu. Hata Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na vilima vyetu vinapita pale. Hewa ya huku ni nyepesi. Mota ya esanse inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu yake kwa kila metre 300 za kupanda, maana yake ku metre 1500 imepoteza kama asilimia 15, na pampu nayo inasukuma hewa kidogo kuliko ile iliyoandikwa ku kibao chake. Mashini iliyochaguliwa kwa karatasi tu, ya kutosha jozi ine za vikombe kule chini, huku inaweza kushindwa kuchunga nguvu sawasawa. Na nguvu yenye kupanda na kushuka inafanya vikombe vianguke na kurudisha matone ya maziwa machafu ku mulango wa chuchu. Kama tunaomba, tuandike: ya mbuzi, ya milimani, pampu yenye nafasi ya ziada.

Nimebakisha jambo lenye linaniuma. Wakati tulikuwa tunakamua na mikono, wamama ndio walikamua, wamama ndio walipima, na kila mama alijua juma lile anadai ngapi. Mashini ilipofika, vijana wanaume walifundishwa kuiwasha, kwa sababu, walisema, mota ni kazi ya wanaume. Kisha yule anayewasha mota ndiye akapima maziwa. Kisha yule anayepima ndiye akapeleka ku muuzaji na kurudi na feza. Hakuna aliyeiba, sisemi vile. Lakini ndani ya miezi sita wamama walikuwa wanaomba feza ya maziwa yao wenyewe kwa watoto wao. Nilipouliza ku kamati, muzee mumoja aliniambia: « Mama, si mulitaka kupumuzika? » Hatukuomba kupumuzika namna ile. Ku ile semina ya mashini ya kwanza kulikuwa watu saba, mwanamuke hata mumoja.

Ninajua mutu atasimama ku mukutano aseme: « Ku Ulaya hakuna mutu anakamua na mukono tena. » Ni kweli, kule Ufaransa, upande wa Poitou, kuko wafugaji wenye mbuzi mamia, na bila mashini wangelala ndani ya kibanda. Lakini wako na umeme usiokatika, fundi anayefika siku ile ile, na kiwanda cha fromaji kinachochukua maziwa kila mara. Wakiacha mashini siku moja wanapoteza. Sisi tukiacha mashini siku moja tunarudia mikono, kama mikono ingali imezoea.

Lakini kuko sababu moja siwezi kuipinga. Mama mumoja wa kikundi chetu, amekamua zaidi ya miaka 20, vidole vyake vinavimba na usiku halali. Anasema: « Miye sitafuti maendeleo. Natafuta vidole. » Kwa mama kama yule mashini haiko anasa. Kwa sasa tumemubadilisha kazi, yeye anapima na kuandika, vijana wawili wanamukamulia. Anafurahia, lakini anasema anakosa mbuzi wake. Kama tunaomba mashini, tuiombe kwa ajili yake, haiko kwa ajili ya picha ya kutundika ku biro.

Kwa hiyo ku mukutano nitapendekeza hivi. Mwaka huu ule mustari wa kwanza uandikwe mbao, misumari, dawa ya iode, vikombe vyeusi na mbegu za majani ya mifugo. Mashini ibakie ku mustari wa mwaka wa pili, kwa vile vibanda tu vyenye kufikisha mbuzi 30 wa maziwa mahali pamoja na mununuzi wa kila siku. Chini ya pale, mimi naona mikono inashinda. Kuanzia sasa, kila litri inayouzwa iache franka kidogo ndani ya sanduku la mipira, sanduku lenye funguo mbili, moja ku mama mukamuaji. Kama nyuma ya mwaka moja lile sanduku halina bei ya jozi mbili za mipira, tumejijibu sisi wenyewe. Na siku fundi wa mashini anakuja kufundisha, nusu ya watu ndani ya chumba wawe wale ambao mikono yao inanuka maziwa.

Ile mashini ya zamani nimeomba kamati tuifungue, tuangalie kama pampu ingali inavuta. Kuku tutawatafutia pahali pengine.